Jangwa Lililosemwa Kuwa Linakuja

Sogeeni, wanangu. Anayetaka kivuli akae upande huu wa mwembe. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina punda, ina mti mkaidi unaovua majani wakati miti mingine yote inavaa, na ina mstari mrefu ambao ukiutafuta ardhini huuoni. Lakini naanza na mzee mmoja aliyeogopa mchanga.

Mzee huyo ni Edward Stebbing, profesa wa misitu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh huko Uskoti. Katikati ya miaka ya 1930 alisafiri kaskazini mwa Nigeria, iliyokuwa chini ya Mwingereza, akavuka mpaka hadi Niger, iliyokuwa chini ya Mfaransa. Alipita huko wakati wa kiangazi. Na kiangazi mnakijua. Hata shamba letu la kule bondeni, mgeni akilipitia kabla ya mvua atasema hapo hapajaota kitu tangu dunia iumbwe. Stebbing aliona mchanga umelala mashambani, vijiti vimekauka, vumbi limeziba jua. Mwaka 1935 akaandika makala ya kutisha: jangwa la Sahara linateremka kusini, linakuja kuzimeza koloni za Afrika Magharibi.

Serikali mbili zikashtuka. Zikaunda tume ya wataalamu wa misitu, Waingereza na Wafaransa pamoja, nayo katika kiangazi cha mwaka 1936 kuingia 1937 ikasafiri kuufuata mpaka. Tume ikarudi na jibu la kupoza moyo. Ndiyo, kuna mahali udongo umechoka na miti imekatwa ovyo, lakini lile jeshi la mchanga linalopiga hatua kuelekea kusini hawakuliona.

Mngedhani maneno yakaisha hapo. Hofu ya jangwa, wanangu, ni kama homa ya vipindi: hupoa, halafu ikarudi. Mwaka 1975 alitokea mtaalamu mwingine, Hugh Lamprey, ambaye huenda wengine wenu mmewahi kumsikia kwa sababu ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, pale chini ya Kilimanjaro. Yeye alikwenda Sudan, akatazama mahali majani yanapoishia, akalinganisha na ramani ya mwaka 1958, akasema jangwa limesogea kilomita 90 hadi 100 kwa miaka 17. Miaka miwili baadaye, mwaka 1977, Umoja wa Mataifa ukaitisha mkutano mkubwa Nairobi kuzungumzia kuenea kwa jangwa. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, wakaenda Sudan kupima upya, mwaka hadi mwaka, kwa picha za setilaiti na kwa miguu. Hawakuuona ule mwendo. Mwaka 1975 ulikuwa umefuata ukame mkali, na majani yalikuwa yamerudi nyuma. Mvua zilipopata nafuu, na majani yakapata nafuu.

Lamprey hakusema uongo. Aliyoyaona aliyaona. Taabu yake ni kwamba alikuwa na siku mbili tu mkononi, moja ya mwaka 1958 na moja ya mwaka 1975, akazifanya mstari. Ukinipiga picha leo nimeinama kufunga kiatu, na kesho nimesimama, usiende kuwaambia watu babu anarefuka.

Sasa nileteeni maji kidogo, tuingie kwenye mpaka wenyewe.

Mpaka kati ya Nigeria na Niger ni mrefu, kilomita 1,600 hivi. Waingereza na Wafaransa waliuchora kwa mikataba tangu mwaka 1890, wakaurekebisha, wakaurekebisha tena, hadi mwaka 1906 ukakaribia sura iliyopo leo. Ulipita katikati ya nchi ya Wahausa kama kisu kinachopita kwenye chapati. Kusini zikabaki Kano, Katsina na Daura. Kaskazini zikabaki Maradi na Zinder. Na watu wa Maradi na Katsina si majirani tu. Mwanzoni mwa karne ya 19, vita vya jihadi vya Usman dan Fodio vilipowang'oa watawala wa zamani wa Katsina, hao watawala walikimbilia kaskazini, na kizazi chao ndicho kilichosimamisha ufalme Maradi. Kwa hiyo mpaka ulipochorwa, uligawa ukoo. Aliyewahi kufika mpakani Namanga akaona Wamasai wa pande mbili wakisalimiana kwa majina ya koo zao ananielewa.

Kihausa hamkijui, lakini msikiogope. Soko kwao ni *kasuwa*. Habari ni *labari*. Afya ni *lafiya*, dunia ni *duniya*. Kiarabu kilipita kwao kikapita na kwetu, kila mahali kikaacha viatu mlangoni. Lakini jihadharini: Mhausa akikwambia shambani kwake kuna *dawa*, usikimbie kumletea mgonjwa. Dawa kwa Kihausa ni mtama.

Katika nchi hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, uhuru ukiwa bado mchanga, alifika kijana Mwingereza kuwa mwalimu wa jiografia. Jina lake Michael Mortimore. Alifundisha Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello mjini Zaria, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Bayero mjini Kano. Alikaa Nigeria karibu robo karne.

Najua mnachofikiri mkisikia jiografia. Ni miji mikuu ya nchi na urefu wa mito, na mwalimu anayetaka uchore ramani ya Afrika bila kusahau Madagaska. Mimi pia nilifundishwa hivyo. Lakini jiografia ya kina Mortimore huuliza swali jingine kabisa: watu hawa, mahali hapa, wanapataje riziki? Udongo ni huu, mvua ni hii, soko liko kule, ndugu yako yuko hivi, sheria inasema vile. Basi ugali wa leo jioni umetoka wapi? Wataalamu wana neno lao zito la kuelezea hayo yote kwa pamoja. Sisi neno riziki linatutosha, maana riziki kwetu haijawahi kuwa mshahara peke yake.

Na Kano ilikuwa mahali pazuri pa kuuliza swali hilo, kwa sababu ya jambo lililowashangaza wengi. Kuuzunguka mji huo mkongwe wenye kuta za udongo, mashamba yamebanana kama vigae. Miaka ya 1960 sehemu nyingi za huko zilikuwa na watu zaidi ya 200 katika kila kilomita moja ya mraba, tena wakulima wa jembe la mkono, katika nchi ambayo mvua hunyesha miezi minne au mitano, basi. Shamba halipumzishwi. Linalimwa kila mwaka, baba kalima, mwana kalima, mjukuu kalima. Kwa hesabu za vitabuni udongo ule ulipaswa kuwa umekufa zamani. Lakini uwele ulikuwa unaota, na kunde, na karanga, karanga nyingi kiasi kwamba magunia yake yalipangwa Kano kama piramidi yakingoja treni.

Jibu lilikuwa linatembea barabarani kwa miguu minne.

Punda! Asubuhi aliingia mjini amebeba kuni au nafaka. Akirudi hakurudi bure. Alibebeshwa samadi ya mbuzi na kondoo wanaofugwa uani mjini, majivu ya majikoni, na taka zilizofagiwa vichochoroni. Mji ulikula shamba, na shamba likala mji. Mbolea hiyo Wahausa huiita *taki*. Ukiniuliza mimi, neno linakaribiana mno na taka zetu, ingawa sitaapa kwamba ni ndugu. Mwaka 1965 Mortimore na mwenzake walichapisha utafiti wao juu ya ardhi na watu wa eneo hilo lililobanana, na samadi ile ya punda ikawa na nafasi yake ndani. Fikirieni profesa anayetazama samadi. Wazazi waliouza ng'ombe kumsomesha wangelia! Lakini aliyeidharau samadi asingeielewa Kano.

Halafu kuna ule mti niliowaahidi. Wahausa huuita *gao*. Ni jamaa ya migunga, mkubwa, wenye miiba. Mvua zinapoanza na kila mti unachipua, gao unapukutisha majani yake na kusimama uchi katikati ya shamba la kijani. Mgeni atasema umekufa. Ikifika kiangazi, kila kitu kimekauka, gao unavaa majani. Ukaidi huo ndio faida yake. Wakati uwele unahitaji jua, gao hauuzibii. Wakati mbuzi hawana cha kula, gao unawapa majani na maganda ya mbegu, nao wanalala chini ya kivuli chake na kuacha samadi papo hapo. Na mizizi yake, kama ya kunde, huishi pamoja na vijidudu vinavyourutubisha udongo. Mkulima wa Kano hakuhitaji kuambiwa hayo na mtu wa maabara. Inasimuliwa kwamba huko Zinder, katika karne ya 19, sultani mmoja aliweka adhabu ya kifo kwa atakayeukata mti wa gao. Adhabu kali mno, nakubali. Lakini inaonyesha mti ule ulikuwa na uzito gani.

Wengi walisema kuwa wakata kuni wa Kano wanamaliza miti yote. Mwanajiografia Reginald Cline-Cole na wenzake walifanya utafiti juu ya kuni za Kano, uliochapishwa mwaka 1990. Wakakuta kwamba kwenye mashamba yale yaliyobanana idadi ya miti ilikuwa imeongezeka. Kuni zilitoka, lakini mti wa shambani ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa anaulinda.

Kisha ukaja ukame. Mwaka 1972 mvua zilikuwa haba, mwaka 1973 zikawa mbaya zaidi. Ukanda wote wa Sahel, kuanzia Senegali hadi Sudan, ng'ombe walikufa kwa wingi na watu wakateseka sana. Magazeti ya dunia yakajaa picha za mifupa na mchanga. Wengi walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Mortimore alikuwa jirani, akaenda vijijini kaskazini mwa Kano kuuliza. Na la muhimu zaidi ni kwamba alirudi mwaka uliofuata. Na uliofuata. Ukame mwingine ulipokuja miaka ya 1983 na 1984, alikuwa bado anaenda kwenye vijiji vilevile na kuwauliza watu walewale.

Matokeo ya safari hizo ni kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu jinsi wakulima wanavyoukabili ukame. Ndani yake hakuna watu waliokaa wakingoja lori la msaada. Msaada wa serikali, kwa wengi, ulikuwa mdogo. Kuna watu wanaohesabu. Kwanza wanapunguza milo. Wanachuma majani ya porini ambayo katika mwaka mzuri huachiwa mbuzi. Wanasuka mikeka na kamba kwa majani ya mikoma, wanauza. Wanakata kuni, wanauza. Wanakopa nafaka kwa jamaa. Mbuzi huuzwa kabla ya ng'ombe, na ardhi ni ya mwisho kabisa, maana aliyeuza ardhi mwakani atalima wapi?

Na wapo waliofunga virago. Wahausa wana msemo wa safari hizo: *cin rani*. *Ci* ni kula, *rani* ni kiangazi. Kula kiangazi! Mavuno yakishaingia ghalani, vijana huondoka kwenda mijini au kusini kwenye mvua nyingi, wakachota maji, wakabeba mizigo, wakashona nguo, wakauza chai, kisha hurudi mvua zikikaribia. Sikilizeni utamu wa lugha. Kiangazi ambacho kingewala wao, wanakila. Na kijana akila huko aliko, chakula cha nyumbani kinabaki kwa mama na wadogo zake, hata asipotuma senti moja. Maofisa wengi waliwaona vijana hao kama wahuni waliokimbia mashamba. Mortimore aliwaona kama sehemu ya shamba.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya subira zaidi. Pamoja na mwanajiografia William Adams wa Cambridge, na wenzao wa vyuo vya Nigeria, walichagua vijiji vinne: Tumbau karibu na Kano, Dagaceri kaskazini zaidi, na mbali kaskazini-mashariki Futchimiram na Kaska, hicho cha mwisho kikiwa karibu na mpaka wa Niger. Katika miaka ya 1990 walifuatilia kaya zilizochaguliwa: leo nani amefanya kazi gani, kwa muda gani, shamba lipi. Baba, mama, mtoto. Ndiyo, watoto pia walihesabiwa, kwa sababu palizi haimwachi mtu. Kitabu kilichotoka mwaka 1999 kinaonyesha jambo ambalo mama zenu wangewaambia bure: shida kubwa mara nyingi si ardhi, ni mikono. Mvua ikinyesha leo, magugu hayangoji. Wiki mbili tatu za palizi ndizo zinazoamua kama kutakuwa na chakula mwezi wa kumi na mbili. Kijiji chenye mvua ya kusuasua hakina ratiba. Kina watu wanaoamka asubuhi, wakatazama mawingu, wakabadilisha mipango ya jana.

Sasa yule mkulima aliye karibu na mpaka ana kitu cha zaidi cha kutazama. Anatazama mawingu, na anatazama sarafu.

Upande mmoja wa mpaka hutumika naira, upande wa pili faranga ya CFA. Sheria mbili, bei mbili, wakuu wa forodha wa aina mbili. Ng'ombe, mbuzi na kunde za Niger hushuka kusini, kwa sababu Nigeria ina midomo mingi na tangu miaka ya 1970 ilikuwa na fedha za mafuta. Petroli, vitambaa na mbolea ya viwandani vilipanda kaskazini, mara nyingi usiku, mara nyingi kwa njia ambazo ramani haina. Wafanyabiashara wa Maradi walitajirika kwa kuufahamu mstari huo kuliko wale waliouchora. Kwa serikali mpaka ni ukuta. Kwa mkulima ni kama mto: unaweza kukuzamisha, na unaweza kuvua samaki ndani yake.

Na ulizamisha kweli. Aprili 1984 serikali ya kijeshi ya Nigeria iliifunga mipaka yake ya nchi kavu, ili kubadilisha noti na kuzuia magendo. Mwaka huohuo mvua zilishindwa. Niger ikabaki na mifugo inayokonda na soko lililofungwa, na vijana waliozoea kwenda kula kiangazi kusini wakakuta njia imezibwa. Mipaka ilifunguliwa tena mwaka 1986. Ilifungwa tena mwaka 2019, na mwaka 2023 ukafungwa tena ule wa Niger. Mwanafunzi nikimuuliza njaa inasababishwa na nini, akajibu ukame, nampa nusu ya alama.

Hapa hadithi inakuja kwetu kidogo, vumilieni, nitairudisha Kano.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mortimore alishirikiana na Mary Tiffen wa London na mhandisi Francis Gichuki wa Chuo Kikuu cha Nairobi kuchunguza Machakos, nchi ya Wakamba. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni walikuwa wameshakata tamaa na Machakos. Milima mitupu, makorongo kila mahali. Wakaona dawa ni kuwanyang'anya watu ng'ombe, na mwaka 1938 Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu waliandamana hadi Nairobi kupinga. Mwaka 1937 ofisa mmoja wa udongo alipiga picha za milima hiyo. Kina Mortimore walizitafuta picha hizo, wakaenda kupiga nyingine mahali palepale alipokuwa amesimama, zaidi ya miaka 50 baadaye.

Mwaka 1932 wilaya ilikuwa na watu 240,000 hivi. Mwaka 1989 walikuwa karibu milioni 1.4. Kwa nadharia ya Mwingereza Thomas Malthus, aliyoiandika mwaka 1798, watu wakiongezeka hivyo ardhi huishiwa na njaa huja kuwapunguza. Kwenye picha mpya milima ile ina matuta kama ngazi kutoka chini hadi juu, ina miti, ina nyumba za bati. Mavuno kwa kila mtu yalikuwa yamepanda.

Na matuta hayo yana jina la Kiswahili ambalo leo limo katika vitabu vya wahandisi duniani kote, hata vya watu wasiojua kusema "jambo". Ukichimba mtaro ukatupa udongo upande wa chini wa mlima, hiyo ni fanya chini. Ukiutupa upande wa juu, ni fanya juu. Ya pili inachosha mgongo kwelikweli, maana unarusha udongo kupanda, lakini shamba hujisawazisha lenyewe na maji hukaa. Wakoloni waliwalazimisha watu kuchimba, nao watu walichimba kwa hasira. Shuruti ilipoondoka walichimba zaidi, kwa hiari, wanawake wakiwa mstari wa mbele katika vikundi vyao vya mwethya, kwa sababu sasa kulikuwa na kahawa, matunda na mboga za kupeleka soko la Nairobi.

Kitabu chao cha mwaka 1994 kilibishaniwa sana, na mabishano mengine yalikuwa ya haki. Machakos ipo mlangoni mwa Nairobi. Si kila kijiji kina bahati hiyo. Na watafiti waliokwenda baadaye walikuta kwamba wenye ndugu wa mshahara mjini ndio waliopata fedha za kuboresha mashamba, na wengine walibaki nyuma wakauza vipande vyao. Picha ya mlima mzima haikuonyeshi nani ana tuta na nani hana. Mimi nakipenda kitabu kile, lakini ufa huo naukubali.

Turudi kaskazini. Kuelekea mwaka 2000 Mortimore na Tiffen, pamoja na watafiti wa Niger wenyewe, walifuatilia mabadiliko ya miaka 40 katika eneo la Maradi, kutoka 1960 hadi 2000, kisha wakalitazama pamoja na Kano. Watu wa lugha moja, mchanga uleule, nafaka zilezile, ila katikati upo ule mstari. Kwa mwanajiografia hiyo ni kama kupata mapacha waliolelewa nyumba mbili.

Nyumba ya Mfaransa ilikuwa na sheria ngumu kuhusu miti. Amri ya mwaka 1935, mwaka uleule Stebbing alipopiga mbiu yake, iliifanya miti kuwa mali ya serikali. Hata mti uliojiotea katikati ya shamba lako, ukiukata bila kibali unatozwa faini na mlinzi wa misitu. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, sheria za namna hiyo zilibaki. Sasa fikirini kama mkulima. Palizi imekukuta, chipukizi limejitokeza kati ya mistari ya uwele. Likikua si lako. Likikua litakuletea mlinzi. Unafanyaje? Unalifyeka kwa jembe lingali dogo. Amri iliyokusudiwa kulinda miti ikawafanya watu waogope kuwa nayo. Miaka ya 1970 ilipofika, mashamba mengi ya Maradi yalikuwa meupe, na upepo wa mwanzo wa mvua ulifukia mbegu kiasi kwamba watu walipanda mara mbili, mara tatu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mmisionari Mwaustralia, Tony Rinaudo, alikuwa Maradi akipanda miche na kuiona inakufa. Mwaka 1983 alisimama kutazama kichaka kidogo kando ya njia, akagundua si kichaka. Ni kisiki kinachochipua. Chini ya mashamba yale "yasiyo na miti" kulikuwa na msitu mzima wa mizizi hai, ukikatwa kila mwaka kabla haujapumua. Haikuhitajika miche. Ilihitajika kuacha. Yeye alihimiza jambo hilo upande wa Maradi. Huko Zinder wakulima wengi walikuwa wakiiacha miti yao ya gao irudi bila kuambiwa na mtu. Serikali ilipolegea na walinzi kupungua, watu wakaanza kuiona miti ya shambani kuwa yao.

Miaka ya 2000 wataalamu Chris Reij na Gray Tappan walilinganisha picha za zamani za angani na za setilaiti. Miti ilikuwa imerudi kwenye hekta kama milioni 5 za kusini mwa Niger. Na walipouweka ule mpaka katikati ya picha, waliona kitu ambacho laiti Stebbing angekuwa hai kukiona. Mstari usioonekana ardhini ulionekana kutoka angani. Karibu na mpaka, upande wa kaskazini, wenye mvua haba zaidi, ule ambako jangwa lilisemwa litatokea, ndio uliokuwa na miti mingi zaidi.

Basi huko Zinder kukipambazuka wakati wa kiangazi, mkulima hushuka shambani na shoka dogo. Anachuchumaa mbele ya kisiki chenye machipukizi kumi au kumi na mbili, anayageuza moja moja kwa mkono kama mtu achaguaye nyanya sokoni, anakata haya ya kupeleka jikoni, anaacha mawili au matatu yaliyonyooka. Kisha anasogea kwenye kisiki kinachofuata.